Mwendesha jenereta aliyekwenda kununua amplifaya kwa masikio ya bintiye

Saa nane kasorobo mchana, umeme wa serikali unakatika mtaani Amil, Baghdad. Kabla feni za nyumba mia mbili na kumi na mbili hazijamaliza mzunguko wa mwisho, Hatif Jasib amekwisha kuvuta wenzo. Jenereta linakohoa moshi mweusi, linatikisa mabati ya kibanda, kisha linanguruma. Leo atakaa nalo muda wa saa kumi na moja, kama jana, kama juzi.

Jirani mmoja, Umm Layth, anafika mlangoni na kulalamika kwamba waya wa nyumba yake umeungua. Hatif anamtazama midomo, anatabasamu, anamjibu kwamba binti yake hajambo, alhamdulillahi.

"Kiziwi wetu huyu," Umm Layth anamwambia mwenzake wakiondoka. "Mwambie nyumba inaungua, atakukaribisha chai."

Hatif ana miaka hamsini na minane. Miaka kumi na tisa ameketi hatua mbili kutoka kwenye injini hiyo, kwa mshahara ambao sasa umefika dinari laki sita kwa mwezi. Kinga ya masikio aliyonayo ni pamba, na pamba yenyewe hujinunulia.

Daktari alimweleza kwamba sauti nene bado zipo, zilizokufa ni nyembamba. Hatif ana namna yake ya kulisema jambo hilo: "Ngoma naipata, filimbi siipati. Wanaume nawasikia. Wanawake na ndege, basi tena."

Kila kiangazi mheshimiwa mmoja hujitokeza kwenye televisheni, shati halina hata tone la jasho, akaahidi kwamba kiangazi kijacho umeme hautakatika. Waliosikia ahadi hiyo mara ya kwanza wakiwa na watoto mgongoni, leo wana wajukuu. Fedha za mitambo zilitoka, mitambo haikuja. Kilichokuja ni jenereta kila kona, na penye kila jenereta ameketi mtu kama Hatif, anayelipa deni la umeme wa taifa kwa masikio yake. Hakuna aliyewahi kuwahesabu watu hao.

Na huyu hakuzaliwa kibandani. Alisomea ufundi wa vyombo vya sauti, akaajiriwa katika karakana ya serikali iliyotengeneza mitambo ya sauti ya kumbi.

"Nilikuwa naisikia transista inayotaka kufa wiki nzima kabla haijafa," anasema. "Wakubwa walikuwa wananiita nije nisikilize tu. Sikushika hata bisibisi."

Mwaka 1989 alijinunulia amplifaya yake mwenyewe, ya Kijapani, nzito kama kondoo wa kuchinja, yenye madirisha mawili ya kioo na mshale mmoja katika kila dirisha. Kazi ya amplifaya ya namna hiyo ni moja tu: kuchukua sauti ndogo na kuipa nguvu ya kutikisa spika, bila kuongeza chochote cha kwake. Mishale huonyesha nguvu inayotoka kila upande.

Kisha vikaja vikwazo. Dunia iliifungia nchi milango, na waliokuwa juu wakaendelea kula. Mshahara wa fundi wa serikali ukawa bei ya trei moja ya mayai. Wasomi wakauza vitabu, vitanda, hata milango ya vyumba. Vijana wa leo wakisimuliwa hudhani wazee wanatia chumvi, kumbe wazee wanapunguza.

Mwaka 1995 Hatif aliibeba amplifaya yake hadi sokoni Bab al-Sharqi, akaiweka chini kando ya barabara, akarudi na gunia la unga.

"Mke wangu, Mungu amrehemu, alioka mkate," anasema. "Mimi, yeye na wazee wangu, tuliila ile amplifaya siku arobaini."

Mwezi uliopita akapata habari kwamba Hajji Munim, muuza vyombo vilivyotumika huko Karrada, ameletewa moja ya aina ileile kutoka katika nyumba ya watu waliohama nchi. Bei, dinari milioni moja na laki nne. Hatif alikuwa na milioni moja na nusu, akiba ya miaka mitatu.

Lakini binti yake wa pekee, Shahad, mwenye miaka ishirini na mmoja, alikuwa na mpango mwingine wa fedha hizo. Alikwisha kuulizia bei ya vifaa vya kusaidia kusikia. Jozi moja ni milioni moja, laki tatu na nusu. Akiba ilitosha kimoja tu kati ya hivyo viwili.

Hatif hakutaka kusikia. Alimwambia kwamba kitu cha kwanza ambacho vifaa hivyo vitamletea ni jenereta. "Hiyo sauti nimeshashiba," alisema. Ijumaa Shahad akafuatana naye dukani, kwa sababu hakuna mwingine wa kumsikilizia.

Hatif aliikagua mashine kama mtu anayenunua ng'ombe. Aliinyanyua kwanza, maana nyepesi huwa imeibwa vya tumboni. Akatazama skrubu kama zina mikwaruzo ya bisibisi. Akasoma kibandiko nyuma: volti mia mbili na ishirini, si mia moja za huko Japani, ambazo zimeunguza akiba za wengi mjini. Akainusa. Akaiacha ikiwaka nusu saa, kisha akaweka migongo ya mikono kwenye mapezi ya chuma ya kupozea mashine, kushoto na kulia, ahakikishe joto ni sawa.

"Abu Shahad," Hajji Munim alimuuliza, "unanunua amplifaya au unachumbia?"

"Ningekuwa nachumbia, Hajji, ningekagua haraka zaidi."

Ikabaki kazi ya masikio. Alimweleza bintiye asogeze sikio kwenye spika, kaseti ikiwa haijawekwa. Nzima hunyamaza. Mbovu huchachatika kama mafuta kwenye kikaango, sauti nyembamba, ya aina ile asiyoipata yeye.

Shahad aliinama kwenye spika ya kushoto. Akasema safi. Akahamia ya kulia, akakaa huko muda mrefu.

"Baba, huku kunachachatika."

Hajji Munim aliruka kutoka kwenye kiti, akaweka sikio lake, akaapa kwa wanawe wanne kwamba kaburi lina kelele zaidi. Shahad akashikilia lake. Hatif hakumtazama yeyote kati yao. Macho yake yalikuwa kwenye mishale. Katika mashine za aina hii, mchachato ukiwa mkubwa kiasi cha kusikika, mshale hushtuka. Yote miwili ilikuwa imelala. Hapo akajua kwamba binti yake anadanganya.

Angeweza kusema, akalipa, akabeba. Badala yake alimwambia mwenye duka: "Samahani, Hajji. Sisi masikio yetu ni huyu, na huyu ameshasema." Hajji akapunguza laki moja. Hatif akatoka.

Nje, kwenye kigari cha muuza dengu za kuchemsha, alimwambia bintiye kwamba mshale wa kulia haukutikisika. Shahad anakumbuka kwamba alitamani ardhi ipasuke.

"Unakumbuka nilipovunjika mkono bafuni?" alimwambia baba yake. "Nilikwambia sikuita. Niliita, baba. Ulikuwa chumba cha pili unakunywa chai. Niliita mpaka nikachoka."

Muuza dengu alirudisha bakuli mbili hazijaguswa.

Siku nne baadaye amplifaya ilinunuliwa na mwenye ukumbi wa harusi huko Hilla. Hajji Munim alimwandikia ujumbe kumjulisha, akaongeza kwamba haina mchachato wowote. Hatif aliusoma, akaufuta.

Jumapili hii anakwenda kupimiwa vifaa vya masikio. Daktari amekwisha kumwonya: kilichokufa hakifufuki, vitainua kidogo kilichobaki, na akiendelea kukaa kibandani, hata hicho kitakwenda. Kwa hiyo amemwomba mwenye jenereta ampe kazi ya kukusanya ada nyumba kwa nyumba, ingawa mshahara wa kazi hiyo ni pungufu kwa laki moja na nusu. Mwenye jenereta alicheka, akamwambia alete masikio kwanza, ndipo wazungumze. Tajiri huyo mwenyewe anaishi mtaa mwingine, usio na jenereta jirani.

Hatif hata hivyo ameshaipanga njia yake. Nyumba yake haimo katika orodha ya wanaolipa, lakini ndiyo atakayoanza nayo.

"Nitabisha, nisiingie," anasema. "Nitasimama nje, nimwite Shahad, nisikie kama ameitika."