Gilet namba 17 niliyomwazima Pole-Pole

Wakuu, salamu kutoka Baraka, huku Fizi. Sitaongeza chumvi. Haya yamenikuta mwenyewe, na hata mke wangu hajui nusu yake.

Naendesha pikipiki ya abiria. Kila dereva wa parking yetu ana gilet, kizibao chenye namba mgongoni. Yangu ni 17.

Akina mama wanaokwenda Misisi, kule kwenye dhahabu, huangalia namba kabla ya sura. Ukiugua unamwazima mwenzako gilet ili wateja wasikukimbie. Ndiyo desturi yetu.

Mwaka jana malaria ilinilaza wiki nzima. Gilet nikampa jamaa tuliyemwita Pole-Pole. Haendi mbio, halewi, anasali kabla ya kuwasha pikipiki. Kumbe kikulacho ki nguoni mwako.

Mama Sifa, muuza ndagala, yaani dagaa, mteja wangu wa miaka, akaja asubuhi kunitafuta. Muuza mikate wa pale parking alimsikia Pole-Pole akimwambia, "Mwenye 17 iko mugonjwa, mama. Ni yeye amenituma. Angalia gilet."

Mama akapanda.

Siku ya tatu walimkuta kwenye majani, njia ya Misisi. Amenyongwa.

Sasa sikieni ujinga wetu. Huku maiti ikiokotwa njiani tunasema "ni bantu ba pori", yaani wenye silaha, tunazika, basi. Hatuulizi marehemu alipanda na nani. Hata mimi sikuuliza.

Pole-Pole alichimba kaburi pamoja nasi. Gilet alinirudishia imefuliwa vizuri, nikamshukuru. 

Alinaswa miezi kadhaa baadaye kule Kazimia, akiuza kikwembe, kitenge cha sare ya kwaya ya Mama Sifa. Mwanakwaya mwenzake alikitambua. Jamaa akakiri kuwaua wanawake watatu. Walimpeleka polisi, na kesi mpaka leo hatuisikii.

Habari ya gilet hakuna aliyeiuliza. Muuza mikate aliniambia mimi tu, tena baada ya jamaa kukamatwa, anaogopa. Nami nikanyamaza.

Wiki iliyopita akaja Sifa mwenyewe, binti wa marehemu. Anakwenda Misisi kuchukua vitu vya mama yake sokoni. Aliwapita madereva wote mpaka kwangu.

"Papa, mama alikuwa anasemaka, nikienda Misisi nipande 17 tu. Bengine nisibaamini."

Nilimpeleka. Tulipita yale majani, mikono yake iko mabegani mwangu.  Nililia ndani ya kofia mpaka barabara siioni.

Tulipofika akashuka, akajipangusa vumbi.

"Aksanti, papa. Mama alisema kweli."

Somo nililopata ni dogo na limechelewa: nguo inayobeba jina lako usimwazime mtu, hata awe mcha Mungu namna gani. Na tukimwokota mtu njiani, tuulize alipanda na nani.

Jumamosi Sifa anarudi Baraka. Amesema nimfuate mimi, si mwingine.

Wakuu, nimwambie? Andikeni lolote, hata matusi nitayasoma.