Niko Uwanjani

Upasuaji wa mdogo wangu kule Mwanza ulisogezwa ghafla, ukawa kesho yake saa sita mchana. Alinipigia sauti ikitetemeka. "Dada, nataka uwepo kabla sijaingizwa."

Nikamjibu harakaharaka, "Usiogope. Kwa ndege ni saa moja na nusu tu. Asubuhi niko hapo."

Mie nakaa Goba, pembezoni mwa Dar, kule mlimani. Alfajiri mume wangu alinitoa na gari, lakini mvua ya usiku ilikuwa imegeuza barabara yetu kuwa tope, na tulikwama kabla hata ya kufika kwenye lami. Tulipofika Tabata, foleni ikasimama kabisa. Lori la kontena lilikuwa limeharibika katikati ya njia.

"Tungepita Kinyerezi," mume wangu alisema.

"Si wewe uliyesema kule kumejaa maji?"

Tulisogea kidogokidogo hadi Buguruni, nikashuka nikapanda bodaboda, begi nimelipakata, matope yananirukia mpaka usoni.

Nilipofika uwanja wa ndege, kaunta ilikuwa imefungwa.

"Ndege si ile pale?" nilimwambia dada wa kaunta. Niliiona kupitia kioo, ngazi haijaondolewa.

"Hata mimi naiona, dada yangu. Lakini siwezi tena kukuingiza." Akanihamishia ndege ya mchana.

Nikampigia mdogo wangu.

"Uko wapi?"

"Niko uwanjani."

"Wa huku?"

Nilishindwa kumdanganya. "Wa Dar."

"Sawa, dada," akasema, akakata simu.

Mchana, angani, abiria wa pembeni yangu alifurahi sana. "Yaani hata usingizi haujakolea, umefika. Mwanza imekuwa kama hapo Kibaha." Niligeukia dirishani nisije nikamjibu vibaya.

Hospitalini nilimkuta mama amekaa kando ya kitanda. Mdogo wangu alikuwa ameshatolewa, amelala, midomo imemkauka.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Alikuulizia mpaka mlango wa chumba cha upasuaji."

"Kulikuwa na foleni, mama."

"Nyie wa Dar kila siku mnasema mko karibu," alisema kwa upole, na upole ule uliniuma kuliko kama angenigombeza. "Basi hatukupanga mtu mwingine wa kuja. Nilimsindikiza peke yangu, na aliyemtaka ni wewe."

Daktari alisema uvimbe umetoka wote. Nilishukuru, lakini hasira haikunitoka: ya lori, ya tope, ya ile ahadi niliyoitoa kirahisi. Jioni mdogo wangu alifumbua macho, akanitazama, akaomba maji. Nilimlowanisha midomo kwa pamba kama nesi alivyonielekeza. Hakunilaumu hata kidogo.

Nilikaa naye wiki nzima, nikimpikia uji na kumsaidia kutembea. Siku ya kuondoka aliniaga akiwa ameegemea mto.

"Ukifika nipigie," alisema. "Ukishafika Goba, siyo ukitua."