Tembo na Punda wa Barazani Kwetu

Kila nikisikia harufu ya unga wa muhogo ukipikwa, sikumbuki chakula, nakumbuka ukuta. Nyumba yetu ya Kinondoni ilikuwa ya miti na udongo, na baba, ambaye hakuvumilia vumbi, alibandika kurasa za magazeti kuanzia dirishani hadi mlangoni, gundi yake ikiwa ni huo unga uliopikwa ukawa mzito. Mende waliupenda kuliko sisi. Usiku walitafuna pembe za kurasa, na asubuhi ningekuta mheshimiwa fulani wa Ulaya amebakiwa na nusu ya kofia.

Magazeti yenyewe yalikuwa ya Kiingereza, mengi ya Marekani, yaliyotupwa na wakubwa wa ofisi ya serikali ambako baba alifanya kazi ya ukarani. Juu ya kitanda changu palikuwa na picha ya kuchekesha: tembo aliyevaa koti na punda aliyevaa suruali, wanavutana kamba. Baba alinieleza kwamba hao ndio vyama vikubwa viwili vya Marekani, kila kimoja na mnyama wake, na kwamba hakuna punda halisi anayepigiwa kura. Sikumwamini. Mama alifariki ningali mdogo, ndugu wa tumbo moja sikuwa nao, na watoto wa jirani waliniita mtu wa bara kwa jinsi nilivyotamka maneno. Basi wale wanyama wawili ndio waliokuwa wenzangu.

Jioni alikuja Mwalimu Kondo, aliyefundisha shule ya serikali mtaa wa pili. Yeye Mzaramo, baba Mnyamwezi. Maana yake walikuwa watani, na mtani hapigi hodi. Aliulizia chakula kabla ya kujulia hali, akamwita baba mtumwa wake, baba naye akamwita hivyohivyo, kisha wakakaa barazani wakagawana Marekani. Mwalimu alichukua Tembo. Baba alichukua Punda.

Mie nilikuwa ndani nyuma ya pazia, nachambua mchele na kusikiliza. Mwalimu hakuchoka kusema kwamba chama cha Tembo ndicho kilichowatoa watu weusi utumwani, kikaandika katika sheria kwamba nao ni raia, wakati wakubwa wa Punda kule kusini waliwanyima kura na kuwapangia hata viti vya kukalia kwenye basi. Baba alimwacha amalize, akanywa kahawa yake, akasema Tembo aliwafungulia watu mlango akaenda zake, hakuwaachia hata jembe. Dhiki ilipokuja, watu wamepanga foleni ya supu, ni Punda aliyewatafutia kazi na kuwawekea wazee fungu lao, na baadaye akaamuru askari weusi na weupe wasitenganishwe tena. Mwalimu akauliza, hizo kazi mweusi alipewa sawa na mweupe? Baba akakubali kwamba hapana. Naye akauliza, huyo Tembo wa sasa anakula na nani kama si matajiri? Mwalimu akakubali pia. Kisha kesho yake walianza upya, utadhani hakuna aliyekubali lolote.

Mara nyingi waliishia palepale.

"Uhuru hauliki, Mwalimu," alisema baba.

"Na ukishashibishwa na mtu, utamwambia nini, mtumwa wangu?"

Halafu Mwalimu alifunua pazia, akaniuliza, "Haya, mtoto, wewe uko wapi?" Siku zote nilisema niko kwa Punda, kwa sababu yule wa ukutani alikuwa na macho ya upole. Mwalimu alijifanya analia, akafuta machozi kwa ncha ya kanzu, na mie nikalala nikiwa na furaha.

Masika moja akaacha kuja. Nilisikia mtaani kwamba ameacha ualimu, ameingia chama. Si Tembo wala Punda, bali chama cha hapahapa kilichotaka Mwingereza aondoke. Nilikutana naye barabarani nikitoka dukani na mafuta ya taa. Nikamwamkia kwa sauti, "Shikamoo, Mwalimu!" Akanyanyua mkono kidogo, akavuka upande wa pili, akaenda zake bila kugeuka. Nilibaki na chupa yangu mkononi.

Nilimuuliza baba kama wamegombana kwa sababu ya Punda. Alisema hawakugombana, nile chakula. Lakini kila jioni aliendelea kutoa vikombe viwili vya kahawa barazani, na kila jioni nilirudisha kimoja ndani kikiwa kikavu. Siku moja alijaribu kunifundisha nishike upande wa Tembo ili tubishane. Nikasema Tembo ni mkubwa. Akaniuliza mkubwa vipi, na mabishano yakafia hapo. Ile nyumba ilikuwa na upweke ambao sijaukuta tena popote, hata nilipoishi peke yangu kweli.

Mwaka uliofuata baba alishikwa na homa ya mapafu, akafariki. Shangazi alikuwa bado njiani kutoka Tabora wakati Mwalimu Kondo alipoingia, bila hodi. Kazi ya mtani msibani mnaijua: huchimba kaburi, huhimiza maji na chakula, na huwachekesha wafiwa wapende wasipende. Alivaa koti la baba la ofisini na kofia yake, akakaa kwenye kiti chake, akakunja mguu vilevile kama yeye, akakohoa kikohozi chake.

"Uhuru hauliki, Mwalimu," alisema kwa sauti ya baba, na akina mama wakaanza kucheka huku wanalia. Kisha akakinyooshea kidole kiti kitupu, kile alichozoea kukalia yeye mwenyewe. "Mnamwona mjinga huyu? Kila siku ananihubiria Tembo. Alipoingia chama akaacha kuja kwangu, eti nisifukuzwe kazi, mwanangu asikose kula. Sasa niambieni, kati yetu Punda nani?"

Watu walicheka sana. Mie nilimchukia. Niliona anamvaa baba yangu kama nguo. Alivua kofia, akanivalisha, ikanifunika hadi machoni, akauliza kwa sauti yake mwenyewe, taratibu, "Haya, mtoto, wewe uko wapi?" Sikumjibu. Shangazi alipofika alinichukua tukapanda treni, na Mwalimu sikumwona tena.

Nilikuja kuelewa nikiwa mtu mzima, nami nimeajiriwa ofisini, makarani wazee waliposimulia jinsi mtumishi wa serikali alivyokatazwa siasa enzi zile, na jinsi kuonekana tu na watu wa chama kulivyoweza kumponza. Wale wawili walibishania Marekani kwa sababu mambo ya kwetu hayakusemeka barazani. Na Mwalimu, ambaye hakuwa na mke wala mtoto, aliiacha nyumba pekee aliyoingia bila hodi ili mie niendelee kula. Baba alijua. Ndiyo maana alitoa kikombe.

Lile swali bado nadaiwa jibu. Leo ningemwambia sipo kwa Tembo wala kwa Punda, Mwalimu. Niko kwa yule aliyevuka barabara.