Mkalimani Aliyetii

Siku sita Akwi wa Tiira, upande wetu wa Uganda, hupika malwa, pombe yetu ya ulezi, na siku ya saba hutafsiri Neno la Mungu. Usimcheke. Umoja wa makanisa wanaouhubiri wakubwa wetu, mimi nimeuona kwenye chungu chake tu: Wakatoliki na Waanglikana wamekizunguka, kila mtu na mrija wake. Walokole hawanywi. Wao hupitia mlango wa nyuma.

Kwenye sala za pamoja, miaka kumi na minane sasa, Akwi ndiye husimama kando ya mhubiri akigeuza Kiswahili kuwa Kiateso, ili akina mama wa mashambani nao wasikie. Mwaka huu aliomba jambo moja: awe mwenyekiti wa kamati ya sala hizo, maana kiti kilikuwa wazi tangu mzee Ecodu afariki. Viongozi wetu hawajapatana juu ya ubatizo, wala divai, wala Bikira Maria. Juu ya Akwi walipatana chai haijamiminwa: mwanamke, hapana. Iliniuma, kwa sababu nilikuwepo na nikanyamaza.

Siku ya sala akapanda mimbarini kama kawaida. Mhubiri alikuwa Mchungaji Rasto kutoka Busia ya Kenya, mmoja wa waliomnyima kiti, mtu wa suti ya kung'aa, ambaye Kiateso chake kinaishia kwenye salamu.

“Mwanamke asisimame mimbarini,” Rasto akanguruma. “Aketi, anyamaze.”

Akwi akatafsiri yote, bila kuongeza wala kupunguza. Kisha akashuka, akaketi, akanyamaza.

Rasto aliendelea peke yake. Akina mama walimtazama kama mchuuzi wa dawa ya panya. Katekista Phillip akajaribu kumsaidia, safina ya Nuhu ikawa mtumbwi wa sangara, naye akarudi kukaa.

“Mama Akwi, rudi tafadhali.”

“Mchungaji, mimi natii.”

“Rudi, mama. Watu hawanielewi.”

“Sasa mimi nakwenda huko juu kama nani?”

Rasto akamtazama padri. Padri akamtazama kanoni wetu wa Kianglikana. Kanoni akatazama viatu vyake.

“Kama mwenyekiti,” Rasto akasema, kwa sauti ya mtu anayeng'olewa jino.

Akwi aliwatafsiria akina mama neno hilo akiwa bado kwenye benchi, wasije wakubwa wakalimeza. Vigelegele vilipopigwa, ndipo akapanda.