Zamu ya Saa Tisa

Jirani yangu wa Kware aliniuliza mtoto yuko wapi, nikamwambia yuko nasari. Alicheka hadi akashika ukuta wa ngazi.

"Buda, amezaliwa Jumapili, leo Alhamisi ashaanza shule?"

Nilicheka naye, maana kueleza kungenichelewesha, na siku hizo sikuweza kusimama mahali pamoja. Hospitalini, nasari ni chumba cha watoto waliozaliwa kabla ya wakati. Wetu alikuja wiki tisa mapema, msichana wa gramu elfu moja na mia nne. Presha ya mama yake ilikuwa imepanda, na madaktari walisema wasipomtoa siku hiyo watawapoteza wote wawili.

Mlangoni pa nasari kulikuwa na daftari lenye safu mbili: Mama na Mgeni. Nilimuuliza mlinzi baba anaandikwa wapi.

"Baba ni mgeni."

"Mgeni wa nani?"

"Wa mtoto."

"Kwani mtoto ndiye aliyenialika?"

"Kijana, andika jina. Watu wamepanga laini nyuma yako."

Siku ya tatu nilichora safu nyingine kwa kalamu yangu, nikaandika juu yake: Baba. Siku ya nne ukurasa ulikuwa mpya na safu zilikuwa mbili.

Ndivyo nilivyo. Chuo kikuu nilisomea sosholojia, na kitu pekee nilichotoka nacho ni tabia ya kuuliza kwa nini. Niliuliza kwa nini mashine inalia na hakuna anayeshtuka. Niliuliza kwa nini maziwa ya kupitia mrija yanapimwa kwa bomba la sindano. Muuguzi wa zamu ya mchana, mama mfupi mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi, alinivumilia hadi siku aliyotangaza kwamba mtoto ametulia vya kutosha, atolewe kwenye inkubeta, nafasi yake apewe mtoto mwingine, sisi tumbebe kwa kangaruu. Yaani mtoto anavuliwa nguo, anabaki na nepi na kofia, analazwa kifuani mwa mtu asiyevaa shati, ngozi kwa ngozi, kisha wanafungwa pamoja kwa leso.

"Sista, kuna ushahidi gani kwamba kifua kinashinda mashine?"

"Baba Toto, mashine ni sita na watoto ni kumi na wanane. Vua shati."

Mke wangu alikuwa bado kitandani katika wadi nyingine, anakamuliwa maziwa lakini haruhusiwi kusimama. Kwa hiyo vifua vilikuwa viwili: changu, na cha mama yake, aliyekuwa amekuja kutoka Ukambani na kufikia kwa dada yake Buruburu.

Hapo ndipo tulipokwama. Kwao Ukambani, mwanamume na mama mkwe wake hawapeani mikono, hawakai benchi moja, hawazungumzi ana kwa ana ikiwa kuna mtu wa kupitishia maneno. Haya hiyo wanaiita nthoni. Kwetu magharibi jina ni lingine, lakini mambo ni yale yale. Tangu nioe, mama mkwe nilikuwa nimemwona mara nne, na mara zote nne niliona zaidi kitambaa chake cha kichwa kuliko uso. Sasa mama huyo alikuwa akikaa kwenye kiti cha plastiki, blauzi wazi, na mimi nilitakiwa kuja kukaa kwenye kiti hicho hicho, kifua wazi.

Tukapanga zamu kupitia mke wangu. Yeye asubuhi hadi saa tisa, mimi saa tisa hadi jioni. Ishara ilikuwa kiondo chake. Kikiwa kwenye benchi la ukumbini, yuko ndani. Kikiondoka, njia ni nyeupe, naingia. Muuguzi alimshika mtoto dakika hizo chache katikati, akitikisa kichwa.

Ningependa kuandika kwamba mpango huo uliniudhi. Chuoni nilikuwa nimeandika insha ndefu kuzikejeli mila kama hizo, na nikapewa alama nzuri. Lakini ukweli ni kwamba nthoni ilinifaa. Chumba kile kiliniogopesha. Mtoto alikuwa mwepesi kupita kiasi. Nikimweka kifuani sikuhisi uzito, nilihisi joto tu, na kila mara alipositisha pumzi kwa sekunde mbili tatu nilitaka kukimbia. Kila dakika kiondo kilipobaki benchini ilikuwa dakika ambayo sikuwa na hatia ya kukaa nje. Nilihoji kila kitu isipokuwa hicho.

Wiki ya pili, siku moja, nilifika mapema, saa nane na nusu. Kiondo kilikuwepo. Kwa kawaida ningesubiri chini uani nikizungukazunguka, lakini mvua ilikuwa inanyesha, nikaketi benchini, kando ya kiondo. Saa tisa ikafika. Kiondo hakikuondoka. Saa tisa na robo, bado. Nikajiambia ameamua kuongeza muda, nyanya na mjukuu wake, nani amkatize? Nikatoa simu. Nikainuka, nikahesabu vigae, nikaketi tena. Saa kumi. Sikugonga mlango. Mimi, mtu wa maswali, sikuuliza swali moja.

Saa kumi na dakika ishirini muuguzi alitokeza kichwa.

"Baba Toto! Unangoja nini hapa?"

"Mama mkwe atoke."

"Ametoka tangu saa tisa! Nilimlaza mtoto kitandani nikijua unaingia, nikaitwa kwa mapacha. Amepoa. Ingia!"

Baadaye ndipo nilipopata habari kamili. Saa tisa mama mkwe alifungua mlango kidogo, akaniona nimeketi karibu na kiondo chake. Kukichukua kungemlazimu kunipita na kuinama mbele yangu. Basi akakiacha, akatokea mlango wa nyuma, wa chumba cha kukamulia maziwa, akaenda kukaa kwa binti yake akisubiri nitoke benchini. Nami nikasubiri kiondo kitoke benchini. Kila mmoja alimheshimu mwenzake kwa saa nzima na zaidi, na gramu elfu moja na mia tano za mtoto zikalala peke yazo zikipoteza joto.

Kipimajoto kilisoma thelathini na tano na kidogo. Miguu yake ilikuwa na rangi ya majivu. Nilivua shati, kifungo kimoja kikaruka. Muuguzi alimweka kifuani mwangu, akatafuta leso, mashine ya upande wa mapacha ikaanza kulia, akaondoka mbio. Nikabaki nimemshika mtoto kwa mikono miwili, leso imeanguka sakafuni.

Mama mkwe aliingia. Nadhani alikuwa amerudi kuangalia kiondo, akasikia kelele. Alisimama mlangoni, akaniona kifua wazi, akageuza uso ukutani. Kisha akaja. Aliokota leso akiwa bado anautazama ukuta, akaipitisha mgongoni mwangu, akaivuta kwa nguvu nikahisi mbavu, akafunga fundo chini ya kwapa. Vidole vyake vilikuwa na joto. Hakukuwa na mtu wa kupitishia maneno, kwa hiyo akampitishia mtoto.

"Mwambie baba yako aache kukusugua mgongo. Anakusugua kama sufuria."

Nikaacha.

"Mwambie baba yako apumue polepole. Moyo wake unakupigia ngoma."

Nikajaribu. Haikuwezekana, kisha ikawezekana kidogo. Mama mkwe alivuta kiti cha pili, akakigeuzia mgongo changu, akaketi. Mabega yetu hayakugusana lakini viti viligusana. Goti langu lilitaka kucheza, nikalibana.

"Mwambie nyanya yako," nikasema, "kwamba nilikuwepo nje muda wote."



"Mwambie baba yako, nje si hapa."

Saa kumi na mbili muuguzi alipima tena: thelathini na sita na nusu. Miguu ilikuwa imerudi rangi. Mama mkwe alivuta pumzi, akaenda kuchukua kiondo chake benchini, akarudi nacho na kukisukuma kwa mguu chini ya kiti changu. Tangu siku hiyo kilikaa hapo ndani hadi tuliporuhusiwa kwenda nyumbani, nasi tulikaa hapo, viti vimepeana mgongo.

Jioni hiyo mke wangu aliniuliza, "Sasa wewe na mama mmesalimiana?"

Nikamwambia hapana. Hatujapeana mkono mpaka leo. Mtoto anatambaa sasa, na bado ndiye tunayemtuma.