Kitambaa Ndani ya Kopo

Babu Boliti alipata jina hilo kiwandani, alikokaa miaka thelathini akichovya boliti na bawaba kwenye tangi la chumvi ya kromi ili zisishike kutu. Chumvi yenyewe ni punje za rangi ya chungwa, nzuri hata ungetamani kuilamba, lakini ni sumu: hula ngozi, huleta saratani ya mapafu, na mvuke wake hutoboa ukuta wa pua. Barakoa zilikuwepo, zimetundikwa msumarini, zinakula vumbi. Wao walikuwa wanaume bwana! Aliyetoboka alipitisha uzi tundu hili ukatokea lile, wenzake wakacheka mpaka wakashika mbavu, na kesho yake naye akahesabiwa fundi kamili.

Pua ya Babu Boliti ilitoboka, kisha ikafa ganzi, isisikie harufu yoyote. Hakujali, hadi mkewe alipofariki.

Akabaki na kitambaa chake cha kichwa, na hamu ya kumnusa iliyomkosesha raha. Aliogopa harufu isije ikapotea, akatafuta kopo lenye kifuniko cha kubana kuliko yote nyumbani. Alilipata: la kiwandani, lililowahi kubeba chumvi ile. Akalisugua mara tatu, akalinusa, akaridhika. Kwa pua ile, hata choo kisingenuka.

Mwaka ulipotimia akamwita binti yake.

"Nisaidie kunusa, mwanangu. Mama yako bado yumo?"

Binti akafungua, akainamisha uso.

"Kinanuka kiwanda, baba."

Mzee akaketi kitandani. Moyo ulimuuma kama siku ya mazishi.

"Basi nimempoteza kwa mikono yangu mwenyewe."

"Hapana, ngoja." Binti alinusa tena, machozi yakamlengalenga. "Mama alikuwa ananukia hivihivi. Nani alikuwa anafua ovaroli zako kila jioni?"

Babu Boliti alikitazama kitambaa. Alikuwa anaviona vidole vya mkewe, na vile vidonda vidogo vya duara visivyopona, ambavyo miaka yote wawili hao walidhani vinaletwa na sabuni. Yeye mwenyewe alikuwa akimbadilishia sabuni.

"Nipe," alisema.

Akakishika kitambaa kwa mikono miwili, akakibana usoni, akavuta pumzi kwa nguvu zake zote. Hakusikia kitu. Akavuta tena.