Dungusi na Viazi Vitamu Mlangoni pa Mama

Mke wangu alinunua dungusi saba kwa muuza miche wa kando ya barabara mjini Bungoma, tulipokuwa tukirudi Kitale kutoka mazishini. Muuzaji alimweleza kwamba mmea huo hauhitaji chochote. Hauhitaji maji, hauhitaji mbolea, hauhitaji hata kuangaliwa. Nilimwuliza kama unahitaji kununuliwa, na mke wangu akanikanyaga mguu.

Nyuma ya nyumba yetu kuna kipande cha ardhi, hatua kumi na nne kwa sita. Nimekipima. Udongo wake ni wa Kitale, yaani ukisahau fimbo imeegemea ukuta mvua zikianza, utakuja kuikuta na majani. Katika udongo huo mke wangu alipanda mmea wa jangwani wenye miiba, akauzungushia kokoto nyeupe, akaupiga picha na kuwatumia walimu wenzake. Wote walijibu kwa alama za mioyo. Hakuna aliyeuliza tutakula nini.

Mambo yangebaki hivyo kama si presha ya mama yangu. Mama alikuwa akiishi peke yake Kabuchai, kati ya mahindi yake na miwa ya jirani. Alikuwa ameruka kliniki mara tatu mfululizo, na kila mara kwa sababu nzuri: palizi, mvua, kuku aliyekuwa anaatamia. Baada ya mara ya tatu jirani alimkuta ameanguka kwenye kijia cha miwa. Daktari alituambia bila kupamba kwamba asipomeza dawa na kupimwa kila mwezi, akianguka tena huenda asiinuke. Tukamleta Kitale, palipo na kliniki ya karibu, na watu wawili wa kumkumbusha.

Kwa desturi yetu mzazi halali chini ya paa moja na mwanawe aliyeoa, kwa hiyo tulimpa chumba cha nje. Mlango wake unafunguka moja kwa moja kwenye dungusi. Asubuhi ya kwanza alisimama hapo na kikombe cha chai, akatazama kwa muda mrefu.

“Baba,” akaniita, kwa kuwa nina jina la baba yake, “hii ni mti ama ni adhabu?”

“Ni maua, Mama.”

“Inaliwa?”

“Hapana.”

“Ng’ombe je?”

“Hata ng’ombe.”

“Sasa inatibu nini?”

Mke wangu akajibu kutoka jikoni: “Inapendeza tu, Mama.”

“Aa. Inapendeza.” Akapiga funda la chai. “Basi mimi Ijumaa narudi nyumbani. Hapa naona hakuna kazi. Mtu hawezi kukaa tu ati kama kiti.”

Hakuwa anatania. Mama akisema Ijumaa, ni Ijumaa. Ndipo nilipopendekeza kipande kigawanywe katikati: upande mmoja dungusi, upande wa pili viazi vitamu, na mimi nilinganishe. Mengi ninayoyajua nimejifunza mwenyewe katika vitabu vya mitumba, na vitabu hivyo vimenipa tabia ya kuliita jaribio jambo lolote ninaloogopa kuliamua. Nikapiga mistari kwenye daftari: maji, kazi, magonjwa, mavuno, sura.

Mama aliagiza kutoka Kabuchai gunia la marando, yaani mashina ya viazi ya kupandia. Alifanya matuta kwa siku mbili, akapumzika siku ya tatu, na Ijumaa ikapita bila mtu kuitaja.

Kisha mvua ikaja. Dungusi, ambazo hazihitaji chochote, sasa zilihitaji kunyimwa maji, na mawingu ya Mlima Elgon hayakuwa yamepewa taarifa. Mbili zilioza shinani, laini kama parachichi lililosahaulika chini ya kitanda. Mke wangu alizikinga zilizobaki kwa mwavuli wake wa kwenda kanisani. Mwavuli ulipopeperushwa hadi kwa jirani, nilichimbia nguzo nne na kuzitandazia nailoni. Kwenye safu ya kazi niliandika: mmea usiohitaji kuangaliwa umejengewa.

Mama alipita na jembe lake begani, akasimama.

“Mmeijengea nyumba?”

“Ni nailoni tu, Mama. Isinyeshewe.”

“Mwanaume akishajenga hivyo,” alisema, “huwa anaoa lini?”

Mke wangu alicheka hadi akashika ukuta, lakini dungusi hakuzing’oa.

Niwe mkweli, kuna mahali dungusi zilishinda. Kuku wa jirani walizigusa mara moja tu, wakapata elimu ya kutosha maisha yao yote. Na moja ilitoa ua jekundu lililokaa siku mbili, watu wa ploti nzima wakaja kuliona, wengine wakiwa wamevaa vizuri. Wiki hiyohiyo viazi navyo vilitoa maua, ya zambarau, mengi. Hakuna aliyeyapiga picha. Maua ya kitu kinacholiwa hayahesabiki kuwa maua.

Kuanzia mwezi wa nne tangu apande, Mama alikuwa na desturi yake. Jioni alizunguka matuta akitafuta nyufa. Palipopasuka udongo alichokoa taratibu kwa kijiti alichokichonga ncha, akatoa viazi viwili au vitatu vilivyonenepa, akavifukia vidogo na kupapasa udongo juu yake kama anayemfunika mtoto. Asubuhi tulivila na chai. Hakuwa akimeza dawa kabla ya kula, na kwa kuwa alikula chakula chake mwenyewe, alikula kwa wakati, na dawa ikamezwa kwa wakati. Hilo halikuwa na safu kwenye daftari.

Kilichokuwa na safu ni mavuno, na safu hiyo ilinikera. Utawezaje kujumlisha viazi vinavyotoka viwili viwili? Kitabu changu kilisema wazi kwamba majani ya chini yakianza kuwa njano, shamba lote huchimbwa kwa mara moja na kupimwa. Siku ya kliniki mke wangu alimpeleka Mama, nami nilikuwa na mapumziko. Niliazima mizani kwa muuza nafaka. Nilichimba matuta yote. Nilivisugua viazi udongo, nikavipanga ukutani kwa ukubwa, mstari ulionyooka kabisa.

Walirudi saa tano. Mke wangu alikuwa na uso wa furaha, kwa sababu presha ilikuwa imeshuka kwa mara ya kwanza. Mama alitazama matuta, akatazama ukuta.

“Nani amekufa?” aliuliza.

Kwetu, viazi vya shamba zima huchimbwa siku moja kukiwa na matanga ya kulisha. Nilikuwa nalijua hilo tangu utotoni. Kitabu hakikulijua, nami nilikifuata kitabu.

“Hakuna, Mama. Nilikuwa napima uzito.”

“Ukishajua uzito, tutakula uzito?”

“Mama, vilikuwa vimekomaa.”

“Vile vikubwa. Na hivi vya kidole?” Akaokota kimoja kutoka mwisho wa mstari wangu ulionyooka. “Hii nilikuwa nimeiwekea mpaka Krismasi. Udongo ndio stoo yangu, baba. Umevunja stoo, ukatoa vitu nje, ukapanga kama viatu vya mitumba.” Akakirudisha mahali pake mwishoni mwa mstari. “Sawa. Kazi imeisha. Kesho naenda.”

Aliingia chumbani. Tulisikia akikung’uta nguo na kuzikunja.

“Angalau dungusi zangu,” mke wangu alisema polepole, “hazijafukuza mtu.”

Marando yalikuwa yamelundikana juani, yakianza kulegea. Niliyakata vipande vilivyolingana, nikaanza kuyachomeka kwenye udongo, wima, kwa nafasi sawa, maana sikujua kingine cha kufanya na mikono. Nilikuwa nimefika tuta la pili nilipoona kivuli. Mama alikuwa mlangoni na mkoba wake.

“Unapanda misumari?”

“Napanda viazi, Mama.”

“Laza. Ilaze chini, ikunje kidogo, ufukie tumbo. Si hivyo. Ati hiyo unaifukia na kichwa!” Nikajaribu. “Bana, wewe! Kwani ulilelewa na wageni?” Mkoba ukashuka chini. “Lete hiyo jembe. Na utoke hapo, unakanyaga.”

Alipanda hadi saa tisa, nikimkabidhi marando moja moja.

“Nakaa mpaka zishike,” alisema akinawa miguu. “Zikishika naenda.”

Marando yalishika wiki ya tatu. Sote tuliona, maana majani mapya ya viazi hayafichiki, lakini mkoba ulibaki chumbani. Jumamosi moja Mama alimwita mke wangu nje, akamwonyesha upande wa nguzo nne kwa kijiti.

“Mama,” alimwambia mkwewe kwa adabu kubwa, “hizi zako zingependeza zaidi kule karibu na geti, wageni wazione. Hapa nataka matuta matatu ya marando ya viazi vya kuchelewa kukomaa.”

Marando hayo yakipandwa leo, viazi vyake haviliwi kabla ya miezi mitano. Mke wangu aliihesabu haraka kuliko mimi. Akaingia ndani kutafuta glavu za kuhamishia dungusi.